Bibi Yangu Huja Hapa

Tangu nistaafu ualimu, jioni hukaa barazani kwangu Chang'ombe, Dodoma, nikiyapitia makosa yangu kama nilivyokuwa nikiyapitia madaftari ya wanafunzi. Leo nasahihisha kosa la silabi moja.

Miaka mingi iliyopita niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili Kolo, wilayani Kondoa. Tulipanda kilima hadi Mongomi, mojawapo ya mapango ya michoro ambayo tangu mwaka 2006 yamo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Mwambani wapo watu warefu, wembamba, waliochorwa kwa rangi nyekundu. Ipo pia michoro myeupe ya zama za baadaye. Nikaanza somo: "Hapa watu wa kale walitambika, waliomba mvua."

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Bibi yangu huja hapa."

Wenzake wakacheka. Mimi nilikohoa, nikaendelea na somo.

Nilikuwa nimefundisha viambishi kila mwaka tangu nitoke chuo cha ualimu, na bado nilikosea njeo mbele ya mjukuu. Kwa *-li-* yangu nilimhesabu bibi yake miongoni mwa wafu. Binti alichagua *hu-*, kiambishi cha mazoea, kisichobeba hata nafsi: mimi huja, bibi huja, wajukuu huja. Vizazi vyote hutumia kitenzi kilekile, wala hakuna anayekimiliki peke yake.

Baadaye nilisoma juu ya minara ya Po Nagar, iliyojengwa na Wacham juu ya kilima mjini Nha Trang, Vietnam, kati ya karne ya 8 na ya 13. Dola yao ilikwisha, lakini watu hupanda kilima kile kuomba hadi leo. Nikamkumbuka yule binti.

Wahifadhi wana hoja yao: pombe ya matambiko ikirushiwa mwambani huweza kudhuru rangi. Michoro ilindwe. Lakini tukiilinda kwa kuwafukuza waombaji, tutabaki na ukuta uliochorwa, na *-li-* yangu itakuwa kweli.

Enyi washairi, mkiandika juu ya Kolo, chagueni kiambishi kwa uangalifu.

Siku ile sikumwomba radhi yule binti. Pengine sasa naye ni bibi. Naandika upya ubaoni, mwanangu: bibi yako huja hapa.