Fahali gani kwa Boran wetu?

Niko Fort Ternan. Nimeadimika kwa sababu ya ng'ombe, si programu. Tuna Boran sita tusiowakamua. Maziwa yote ni ya ndama. Ndama nao tunawauza wote kwa nyama, dume kwa jike, na mitamba tunanunua. Kwa hiyo fahali namtafutia kilo tu.

Mwaka jana nilichagua Charolais, jitu la Ufaransa. Nililinganisha uzito kwenye jedwali (ndiyo, tabia za kazini). Mzee akauliza swali moja: ndama atapitia wapi? Nikamjibu kwamba Boran huzaa bila taabu. Mtamba wetu akahangaika usiku kucha. Daktari alipofika alfajiri, tulishampoteza yeye na ndama.

Jedwali langu halikuwa na safu ya uzito wa kuzaliwa. Ndama huweza kurithi ukubwa wa baba, lakini nyonga ni ya mama.

Sasa Charolais ni kwa ng'ombe waliokwisha kuzaa. Mitamba wanapata Angus, ambaye ndama wake huzaliwa wadogo. Kilo zitapungua, sawa. Wa kwanza anatarajiwa Agosti, na daktari tayari ana namba yangu.