Shuka Kwenye Kamba

Sisi Wanyakyusa husalimiana asubuhi kwa kuulizana usingizi. "Ugonile?" ni kusema, umelala? Kwa mtu mzima unasema "mugonile". Swali hilo nimelifanyia biashara tangu 2006, kwa gesti yangu pale Kasumulu, kata ya Njisi, Kyela, karibu na barabara inayoshuka kwenye daraja la Songwe, mpakani na Malawi. Hata wageni wangu wa kutoka Karonga, Wangonde, hawahitaji mkalimani. Lugha zetu ni ndugu.

Nilianza na sufuria. Mwaka 1998 nilikuwa mama ntilie wa mpakani, wali wa Kyela kwa usipa, na siku ikinyooka kwa mbasa. Madereva wa malori walikula, wakanawa, kisha wakaniuliza, "Mama, hapa mtu analala wapi?" Nilikuwa nikiwaelekeza kwa watu. Lori lilisubiri karatasi upande wetu, likavuka, likasubiri tena ng'ambo. Dereva alijikunja ndani ya gari, utingo akatandika turubai chini ya tela, na mbu wa Kyela hawana huruma. Miaka minane nilijibu swali lile bure kabla halijanigonga kichwani kwamba anayenilisha si dereva, ni foleni.

Kiwanja nilikipata kwa fedha za upatu. Mzee aliyeniuzia alitaka tumalizane wawili, chini ya mwembe. Nilikataa. Nilitaka mkewe aweke dole gumba, wanawe wasaini, na majirani wa pande zote nne waje waoneshe mpaka kwa miguu yao. Mzee alinuna, akasema namwona mwizi. Leo mmoja wa wale wanawe ndiye fundi bomba wangu.

Ujenzi ndio ulionifunza Kyela ni nini, mimi niliyezaliwa hapo. Fundi nilimtoa Mbeya kwa sababu alikuwa na sifa. Alinichimbia shimo la choo futi kumi na mbili mwezi wa kumi, ardhi kavu, udongo unasimama wenyewe. Nilimsifu. Aprili, mvua za masika zimekaa wiki ya tatu, mhudumu akaniita uani. Shimo lilikuwa limejaa, na wageni walikuwa watano tu tangu tufungue. Maji yalikuwa yanatoka chini. Bonde letu maji yako karibu sana, kiangazi yanajificha tu. Tulilifukia, tukamwaga kifusi, tukajenga karo lisilo na kina, lililoinuka juu ya ardhi, mtu anapanda ngazi tatu kwenda msalani. Gharama yake ilikula vyumba viwili nilivyokuwa nimepanga kuongeza mwaka ule. Tangu hapo, anayeniomba ushauri wa kiwanja namwambia aende kukiona Aprili, akiwa amevaa mabuti.

Na asiende karibu na mto. Songwe hubadili njia, na ndio mpaka wenyewe. Wapo waliolala na shamba Tanzania likaamkia upande wa Malawi.

Gesti ilipofika vyumba vinane, kwa bei ya 10,000 kwa usiku, nilipiga hesabu kama kila anayeanza: mara nane, mara thelathini, 2,400,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo imewafilisi wengi kuliko wezi. Mwezi wangu wa kawaida ulileta nusu. Katika nusu hiyo utoe mishahara ya wahudumu wawili, umeme, sabuni, dawa ya mbu, leseni, ushuru wa halmashauri, kodi ya mapato, na kitu ambacho hakuna aliyenitajia: shuka. Shuka nyeupe ya gesti haimalizi mwaka. Dereva ana grisi, Songwe ina matope, na dobi anatumia jiki kama maji.

Lakini shuka hizohizo ndizo zilizoniokoa. Mwaka 2014 mapato yalianza kushuka wakati mtaa umechangamka. Mhudumu alikuwa kijana mpole, daftari lake safi, mwandiko wa darasani. Asubuhi moja nilipita uani nikitafuta kuku. Kamba ilikuwa imejaa. Kwangu kila kitanda ni shuka mbili, moja ya kutandika na moja ya kujifunika. Nikahesabu: kumi na sita. Nikaenda mapokezi nikafungua kitabu cha wageni: watano. Sikumuuliza kitu. Nilirudi nikahesabu tena, nikigusa kila moja kwa kidole, bado mbichi. Waliokuja "kupumzika" kwa saa mbili za mchana hawakuandikwa, na vyumba vitatu vilikuwa vyake. Niliachana naye bila kelele. Mpaka leo huhesabu kamba kabla ya kufungua daftari.

Pigo ambalo kamba haiwezi kukuonesha ni kwacha, fedha ya Malawi. Mei 2012 dola ya Marekani iliruka kutoka kama kwacha 168 hadi 250. Novemba 2023 ikatoka kama 1,180 hadi 1,700. Mara zote mbili ilikuwa vilevile: mama wa Karonga anayenunua vitenge na vyombo alikuja, akauliza bei, akageuza kichwani, akavuka kurudi kwao jioni. Chumba changu hakikuwa kimepanda hata shilingi. Kwake kilikuwa kimepanda.

Kule ufukweni Matema nilikosea mwenyewe. Nani asiyeipenda? Mchanga, milima ya Livingstone imeinamia ziwa, Krismasi na Pasaka watu wa Mbeya wamejaa. Mpwa wangu wa Dar anapangisha apatimenti kwa siku, aliniambia, "Shangazi, jenga banda pale, mimi naliweka Airbnb." Nililipa kiwanja kinachogusa maji. Mimi niliyemnyima mzee raha chini ya mwembe, safari hii sikumuuliza mtu zaidi ya dalali. Kumbe Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka ziwani. Nilipima kwa kamba: kiwanja chote kiliishia mita hamsini. Tena ilikuwa ardhi ya kijiji, na baraza la kijiji lilikuwa halijaiona karatasi yangu. Muuzaji hakupokea simu tena. Sasa jamaa fulani anaanikia usipa pale, na huwa ananigawia.

Nilichojenga baadaye hakina picha nzuri. Ni banda la vyumba vitano vya kupangisha, 45,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita mkononi. Wapangaji ni mwalimu, vijana wa uwakala wa forodha, nesi. Faida ni ndogo, ila 1,350,000 ikija kwa mkupuo inaezeka bati. Kero zake ni za aina nyingine. Mwaka 2021 kodi ya jengo ilipohamia kwenye LUKU, mwalimu alinigongea saa moja asubuhi: "Mama, jengo ni lako, mbona elfu moja nakatwa mimi?" Alikuwa na haki. Nilimrudishia, na kila mwezi namrudishia.

Sababu ya banda lile ni kituo cha huduma kwa pamoja mpakani. Mpango wake ni gari lisimame mara moja tu, katika nchi linayoingia, na maofisa wa pande zote wawe jengo moja. Mkutanoni walipotueleza hayo nilipiga makofi kama wenzangu. Nyumbani nikakaa na kalamu, maana saa zinazopungua pale forodhani zinatoka kwenye vitanda vyangu.

Kisha ikaja 2025. Machi Malawi ikazuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka nje. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao yao. Gesti ilijaa kama zamani. Chumba namba tatu alikuwamo mama mmoja wa Tukuyu mwenye ndizi za kupeleka ng'ambo. Zilianza kuiva, harufu ikaingia mpaka mapokezi. Usiku wa nne alinijia na kanga begani. "Dada, unaweza kunipunguzia?" Nilimwambia alale bure. Lakini wengine saba walilipa, na nilipokea.

Zuio letu halikukaa sana. Mazungumzo yakaanza, likaondolewa. Asubuhi waliyoondoka wageni wale nilitoka uani. Yule mama alikuwa ameacha mkungu mmoja mlangoni, mweusi tayari. Kamba ilikuwa na shuka kumi na sita, na daftari lilisema nane.