JINO NI AMANA
Tuliyojifunza baada ya kung'olewa gego



Wanafunzi wetu wapenzi na wazazi wetu watukufu, kila mwaka katika jarida hili huandikwa neno juu ya usafi. Safari hii tumeona tuwasimulie kosa tulilolifanya sisi wenyewe, ili lisirudiwe majumbani mwenu.

Ilikuwa Novemba 2019. Gego letu la chini, upande wa kushoto, lilikuwa na tundu tangu zamani. Tukitembelea watu hapa Karagwe na kukaribishwa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi, tulikuwa tukitafunia upande wa kulia. Jino likiuma tunatia karafuu, likitulia tunasahau. Hatukujua kuwa jino bovu likinyamaza si kwamba limepona. Mara nyingi ni kwamba mshipa wa ndani umekufa, na uchafu unateremka kwenye mizizi. Usiku mmoja shavu likavimba, na hatukupata usingizi hata lepe. Asubuhi tukapanda bodaboda kwenda Kayanga kwa tabibu wa meno.

Tabibu akatazama, akasema jino limekwisha, halina tena pa kuziba. Akatuchoma sindano ya ganzi, tukasikia kuvutwa tu, gego likatoka. Akatuwekea pamba na kutuambia: "Ng'ata hii nusu saa, na usisukutue mpaka kesho." Tukaitikia kwa kichwa.

Ilipofika Magharibi tukasimama penye maji ya msikiti. Mazoea yana taabu! Tukasukutua mara tatu kwa nguvu kama tunavyowafundisha, tukatema. Maji yakatoka mekundu. Tukasukutua tena ili kuondoa damu, nayo ikazidi. Siku ya tatu, wakati tulipotarajia nafuu, maumivu yakapanda mpaka sikioni na kinywa kikaanza kunuka. Tuliporudi kwa tabibu, aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, ulisukutua?"

Akatueleza kuwa jino likitoka huacha shimo katika mfupa. Damu hujaa humo na kuganda, na bonge lile ndilo kifuniko na ndiyo dawa, maana nyama mpya huota juu yake. Likitoka mapema, mfupa hubaki wazi na maumivu yake hushinda yale ya jino lenyewe. Akaosha shimo, akaweka dawa, na baada ya siku chache tukapona.

Kilichotuumiza zaidi ni aibu. Sisi ndio tunaowafundisha kuwa nguzo za udhu katika madhehebu ya Imamu Shafi ni sita, na kusukutua hakumo, bali ni sunna. Tungeiacha siku ile kwa ajili ya ugonjwa, udhu wetu ungetimia. Dini ilikuwa imetupa wepesi, sisi tukajitia uzito. Tuliijua sheria kwa kuihifadhi, lakini ilipohitajika hatukuikumbuka.

Basi yashikeni haya, kila anayeng'olewa jino:

1. Ng'ata pamba kwa muda ulioambiwa, bila kuitoa kila mara kutazama damu. Mate yenye wekundu kidogo siku ya kwanza ni kawaida.

2. Kwa saa 24 usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe soda kwa mrija, wala usichokoe shimo kwa ulimi au kidole. Sigara ni adui wa kidonda hiki.

3. Usile mpaka ganzi iishe, usije ukajing'ata mdomo. Watoto waangaliwe sana hapo. Kisha kula vitu laini visivyo vya moto, kama uji uliopoa au ndizi zilizopondwa. Sisi tuling'olewa msimu wa senene, tukakaa tunawatazama wenzetu wakila!

4. Kuanzia siku ya pili, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu, uyazungushe kinywani polepole, hasa baada ya kula. Meno mengine endelea kuyapiga mswaki.

5. Meza dawa kama ulivyoandikiwa. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie tabibu kabla ya kung'olewa.

6. Rudi haraka ukiona damu haikomi, uvimbe unashuka shingoni au kupanda jichoni, homa, kushindwa kumeza au kufungua kinywa, au maumivu yanayozidi baada ya siku ya pili.

Mwaka uliofuata binti mmoja wa darasa letu, kwao Nkwenda wilayani Kyerwa, alianza kuja na kitambaa shavuni. Baba yake akatuambia, "Ustadh, jino la nyuma la mtoto lina faida gani? Ling'olewe tu tumalize." Hatukumlaumu, kwani nauli ni fedha. Lakini lile lilikuwa gego la ukubwani, ambalo likitoka haliji jingine. Tukamwomba aulize kwanza kama linaokoleka. Akaambiwa aende Bukoba, nasi tukafuatana nao kupitia Omurushaka na Kyaka.

Huko daktari alipiga picha ya jino, akatia ganzi, akatoboa juu yake na kuondoa mshipa uliooza. Akasafisha njia za ndani ya mizizi kwa visindano vyembamba, akatia dawa na kuziba kwa muda. Safari nyingine akajaza njia zile na kuziba moja kwa moja. Binti aliambiwa asitafunie upande ule mpaka kazi imalizike, na kwamba jino kuuma kidogo kwa siku chache si ajabu. Zilikuwa safari tatu, na baba yake aliuza kahawa kabla ya wakati ili kuzilipia. Lakini leo binti anatafunia jino lake mwenyewe, na sisi tunalo pengo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu dogo lingezibwa siku moja, na safari zote zile zisingekuwapo.

Wengi hutuuliza juu ya Ramadhani. Kung'oa jino kwenyewe hakubatilishi saumu. Kinachobatilisha ni kumeza damu au dawa kwa makusudi. Linaloweza kungoja usiku lingoje, na aliyezidiwa ni mgonjwa, ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Asiache tiba kwa kuogopa.

Wanafunzi wetu, Mtume wetu (s.a.w.) aliuhimiza mswaki hata akakaribia kuamrisha utumike kwa kila Sala. Basi pigeni mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi, na mpunguze pipi na soda. Nanyi wazazi, mtoto akisema jino linauma, msingoje mpaka shavu livimbe.

Sisi kila tukitia udhu, maji hupita penye lile pengo, nasi hukumbuka. Hatutaki nanyi mkumbuke kwa njia hiyo.

Wabillahi tawfiq.