Umeme wa Safarini

Nyumba iliyosimama juu ya msingi wa mawe haimlazimu mwenyewe kufikiri sana habari za umeme. Hubonyeza swichi ukutani, taa ikawaka. Hulipa bei yake, na shauri limekwisha. Lakini nyumba iendayo kwa magurudumu, yaani trela ndogo ya safari ikokotwayo nyuma ya gari, ni mwalimu mkali. Ndani yake kila taa ina hesabu, na kila usiku una deni ambalo mchana hauna budi kulilipa. Nataka kukueleza hesabu hiyo, msomaji, kama nilivyoiona kati ya Voi na Taveta, kwa sababu safari ile ilichukua kitu kisichoweza kungoja.

Mwezi wa Desemba 2018 nilifuatana na mjomba wangu, mzee aliyestaafu kazi ya reli, kwenda kuwazuru jamaa zetu wa Voi na Wundanyi, kisha kutelemka mpaka Taveta, kwani alitamani kuiona tena njia ya reli iliyojengwa kuelekea huko wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Mjomba ana ugonjwa wa kisukari, naye huishi kwa sindano za insulini. Dawa hii ina tabia ya mgeni mteuzi. Chupa isiyofunguliwa hutaka ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8. Ikiganda kuwa barafu imeharibika, na ikiachwa katika joto kali hupotewa na nguvu, pengine bila ya kubadilika sura. Hapo ndipo penye hatari: dawa iliyokufa yaweza kufanana kabisa na dawa iliyo hai. Basi jokofu dogo lililokuwa chini ya kitanda cha trela yetu halikuwa kitu cha anasa.

Trela tuliazimwa na rafiki. Ilikuwa na betri moja, bamba moja la kunasa mwanga wa jua, jenereta ndogo ya petroli, mtungi wa gesi, waya mnene wa kuunganisha na umeme wa nyumba, na waya mwingine utokao kwenye gari. Mwenyewe alipotuonyesha alisema, "Mna vyanzo vingi vya umeme, hamtapungukiwa." Mjomba alivitazama vyote kimoja kimoja, kisha akaweka mkono juu ya betri. "Hii isihesabiwe," alisema. "Hii haizai kitu. Ni ghala."

Neno hilo moja lilinifaa kuliko kitabu kizima. Watu wengi hudhani betri ndiyo itoayo umeme, nao huulaumu ukubwa wake taa zinapofifia. Ghala halioti mahindi. Hutoa kile kilichotiwa, tena kwa upungufu kidogo, maana panya nao hula. Mjomba alijifunza jambo hilo katika mabehewa. Alinieleza kuwa katika mabehewa ya abiria ya zamani palikuwa na dinamo chini, iliyozungushwa na ekseli ya magurudumu; treni ilipokwenda, dinamo iliwasha taa na kuzijaza betri, na treni iliposimama stesheni, taa ziliendelea kwa akiba ya betri peke yake. Treni iliyokawia mno mahali pamoja ilianza kuingiwa na giza. Trela ni behewa lisilo na treni, na kwa kawaida husimama kuliko inavyokwenda.

Sasa nivumilie kidogo katika hesabu. Umesikia habari za chemchemi ya Mzima, ambayo tangu miaka ya 1950 maji yake hupelekwa kwa bomba mpaka Mombasa. Fikiri maji hayo. Msukumo wake ndani ya bomba ni mfano wa volti. Wingi upitao kwa kila nukta ni mfano wa ampea. Zidisha volti kwa ampea utapata wati, yaani kadiri ya kazi ifanywayo. Na wati zikizidishwa kwa saa, hupatikana kipimo cha kilichotumika. Betri yetu ilikuwa ya volti 12 na ampea 100 kwa saa moja, kwa hiyo ilichukua wati-saa 1,200 ikijaa. Lakini ilikuwa betri ya risasi na asidi, na betri ya aina hiyo ikikaushwa kupita nusu mara kwa mara huzeeka upesi. Kwa hakika, basi, tulikuwa na 600 tu za kutumia. Betri mpya za lithiamu hukubali kutoa sehemu kubwa zaidi ya akiba yake bila ya kudhurika, ila bei yake ni ya kumfanya mtu akae chini.

Voi tulipiga kambi katika kiwanja cha jamaa zetu, mahali palipo chini ya meta 600 kutoka usawa wa bahari, penye vumbi jekundu na joto lililokaribia nyuzi 32 mchana. Jokofu lilihitaji wati 45 mashine yake inapofanya kazi, na katika joto lile ilifanya kazi nusu ya siku nzima: wati-saa 540. Taa tatu ndogo kwa saa nne, 60. Feni usiku kucha, 120. Redio ya mjomba na simu zetu mbili, 40. Jumla yake 760 kwa siku. Bamba la jua lilikuwa la wati 150, na jua la Voi ni kama saa tano za mwanga kamili. Kwa hiyo katika karatasi lilitupa 750, na mtu angesema tumekaribia kutoshelezana.

Lakini karatasi haioti jua. Bamba hupenda mwanga, halipendi joto. Kila nyuzi moja ya joto ipitayo 25 katika bamba lenyewe hupunguza mazao yake kwa karibu sehemu nne katika elfu moja, na bamba lililolala juu ya paa la bati la Voi saa nane mchana huwaka kama kikaango. Ongeza upungufu wa waya na vumbi, robo ya mazao imekwenda. Tulipata 560 hivi. Siku kwa siku tulikopa ghalani 200.

Palikuwa na shauri jingine la kuchekesha. Watu wa trela walitaka kivuli, na jokofu pia lilitaka kivuli; bamba lilitaka jua. Mgunga mmoja mkubwa ulisimama kiwanjani, nasi tuliegesha chini yake, lakini kivuli cha tawi moja jembamba kikianguka juu ya pembe ya bamba chaweza kuondoa sehemu kubwa ya mazao ya bamba zima, kwa sababu vijumba vyake vimeunganishwa kwa safu kama watu waliopokezana ndoo za maji: mmoja akilegea, wote hungoja. Tulilifungua bamba kutoka paani, tukaliegemeza juani kwa waya mrefu, na watoto wa jamaa wakapewa kazi ya kuligeuza asubuhi, adhuhuri na alasiri. Waliifanya kwa bidii ambayo natumaini huifanya na shuleni.

Wako watakaouliza, kwa nini msichemshe chai kwa umeme na kuyaacha makaa na gesi? Birika la umeme hutaka wati 2,000. Kutoka betri ya volti 12 huo ni mkondo wa ampea zaidi ya 160, na waya wa kuupitisha ungekuwa mnene kama kidole. Lolote lenye kazi ya kutia joto, birika, pasi, jiko, liepushe na betri. Gesi hupika vizuri zaidi, na mtungi wetu haukuwahi kutusumbua safari nzima, ndiyo maana sina mengi ya kuusemea.

Usiku wa pili tuliuazima umeme wa nyumba, au stima kama tusemavyo Kenya. Hapa heshima iongezeke. Volti 12 za betri hazimrushi mtu, ingawa waya zake zikigusana huweza kuwasha moto, na ndiyo sababu fyuzi hufungwa karibu kabisa na betri. Volti 240 za nyumba huua. Mjomba hakukubali kuunganisha mpaka alipohakikisha kwamba soketi ina waya wa ardhi, na kwamba iko swichi ijikatayo yenyewe umeme unapovuja. Kisha akatuamuru tuukunjue waya wote mrefu, hata sehemu isiyohitajika, maana waya uliozungushwa kama nyoka aliyelala hujipasha moto wenyewe kwa wenyewe. Asubuhi ghala lilikuwa limejaa.

Tulipoondoka kwenda Mwatate, katikati ya mibuyu na mashamba ya mkonge, tulikuwa tena kama treni ya mjomba: gari likienda, alteneta yake ilitulisha. Wengi hushangaa kwamba wamekwenda siku nzima na betri ya trela haikujaa. Sababu ni waya mwembamba na mrefu. Msukumo wa volti 14 utokao kwenye injini hupungua njiani, kama maji katika bomba finyu, hata ukifika nyuma hauna nguvu ya kuingia ghalani. Mwenye trela yetu alikuwa ametia waya mnene pamoja na chombo cha kuupandisha msukumo ule. Alitia pia kikata cha kuitenga betri ya gari gari linaposimama. Bila ya hicho, jokofu lingeinywa usiku betri ya kuwashia injini, na kuamkia gari lisilowaka katika nyika ya Tsavo ni mtihani nisioutamani.

Wundanyi iko juu ya meta 1,300, na milima ya Taita hukamata mawingu yatokayo baharini. Ukungu ulitupokea, nao haukututoka siku tatu. Bamba lilitoa robo ya kawaida yake, wati-saa 140 hivi kwa siku. Nilitaka kufadhaika, lakini kwanza nilipiga hesabu ya upande wa pili, jambo ambalo watu husahau: mahali pasipo na jua pana pia ubaridi. Jokofu lilifanya kazi saa tano tu badala ya 12. Feni haikutajwa na mtu. Matumizi yalishuka hadi 325. Upungufu ulikuwa 185 kwa siku, karibu sawa na ule wa Voi penye jua kali. Kwa upungufu huo siku tatu zingetula 555, nasi tulikuwa na 600. Isitoshe, jamaa walikuwa na stima.

Siku ya pili upepo uliangusha mti juu ya nyaya, na kijiji kizima kikawa gizani.

Hapo tulilitoa jenereta. Silipendi jenereta, nasema wazi. Hupiga kelele, hunywa petroli, na moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu waliolala ndani ya vyumba vilivyofungwa. Wakati wa mvua hapana kishawishi kibaya kuliko kuliweka barazani. Tuliliweka hatua 20 kutoka kwenye trela na nyumba, chini ya kipande cha bati, upande ambao upepo ulichukua moshi kwenda bondeni. Petroli yetu ilitosha saa mbili. Chaja ilikuwa ya ampea 10. Kwa saa mbili iliingiza 240 na kunyamaza.

Usiku ule mjomba aliizima redio mwenyewe. Nilimwambia, "Mjomba, redio hula kidogo sana, haitudhuru." Alijibu, "Najua, mwanangu. Lakini sijui kesho kutakuwaje, na dawa haijui kusubiri." Chupa moja aliyokwisha kuifungua tuliitoa jokofuni, kwa kuwa iliyofunguliwa yaweza kukaa wiki nne hivi mahali pasipopita joto liliyoandikwa katika maelekezo yake, na Wundanyi palikuwa baridi ya kutosha. Tungekuwa Voi, tungeitia ndani ya chungu cha udongo kilicholowanishwa. Hewa kavu huyanyonya maji na kukipoza chungu, jambo ambalo mama zetu walilijua bila ya kupima wati. Mombasa, penye unyevu mwingi, chungu hicho hakifanyi kazi vizuri hivyo.

Asubuhi ya siku ya nne nilipima betri kabla ya kuwasha chochote, maana kipimo cha betri iliyopumzika ndicho cha kuaminika. Iliyojaa husimama karibu na volti 12.7, nusu yake ni kama 12.1. Yetu ilisoma 12.2. Umeme wa kijiji ulikuwa haujarudi. Tuliwaaga jamaa, tukatelemka polepole mpaka Mwatate, tukashika njia ya Bura na Maktau, na tulipotoka chini ya mawingu jua lilituangukia mabegani kama mizigo. Alteneta ililisha kwa waya, bamba lililisha kutoka paani, na upepo wa mwendo ulilipoza bamba lenyewe.

Alasiri tulisimama karibu na ziwa Jipe, ng'ambo ikionekana milima ya Upare upande wa Tanzania. Tuliliegemeza bamba kuelekea jua. Mjomba alifungua jokofu, akakisoma kipimajoto mara mbili, mara ya pili akiwa amevaa miwani. Kilionyesha nyuzi 5. Alizihesabu chupa zake, akafunga mlango taratibu, akaketi juu ya kiti cha turubai akiyatazama maji.

"Sasa," alisema, "niwashie redio yangu."