Majina ya Mwisho wa Orodha

Fremantle, Australia Magharibi
Julai

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako alinipigia juzi, sauti imejaa furaha: mwanawe amepata kazi ya mpira huko Melbourne, na mpira wenyewe ni ule wa Australia, si ule anaoujua yeye. Nikamweleza nilivyoweza. Hongera sana. Ni kibarua cha mwisho wa wiki, najua, lakini klabu ya ligi kuu haimpi kila mwanafunzi daftari na kumtuma akatazame wachezaji.

Umeniandikia kwamba wakubwa wako wamejigawia wale vijana wa juu, wanaotajwa kila siku magazetini, na wewe mgeni wakakuachia majina ya mkiani: watakaochukuliwa raundi ya tatu au ya nne, au wasichukuliwe kabisa. Nimekusoma, nikaona umevunjika moyo kidogo. Usivunjike. Kijana wa namba 1 ameshatazamwa na kila mtu tangu ana miaka 15. Kwa huyu wa namba 50 na kitu, huenda macho yako ndiyo peke yake yatakayomfuata mechi nzima, na utakachoandika ndicho klabu itakachojua juu yake.

Uliuliza utazame nini kwake. Mimi ningeanza na sababu. Amebaki mpaka huku chini kwa nini? Itafute mpaka uipate, kisha ujiulize kama ni sababu ambayo muda unaweza kuiondoa. Sisi wa Tanga tunajua kuvundika embe: lililokomaa, hata ukilichuma bichi, litaiva ndani ya majivu, lililochumwa changa litasinyaa tu. Kwa nje yote mawili ni ya kijani. Kazi uliyopewa ni kuyatenganisha.

Wewe umekulia kwenye mpira ambao mwenye fedha ndiye anayesajili. Huku tangu 1986 klabu huchagua vijana kwa zamu kwenye drafti. Iliyoshika mkia huanza, bingwa humalizia, na kijana hana usemi wa aendako. Klabu ziko 18. Zamu ya tatu ikifika, majina yanayojulikana yamekwisha, na kila meza inabaki na wale iliowaona yenyewe.

Jihadhari na hadithi utakazosimuliwa. Watu watakutajia Gary Ablett mdogo, namba 40 mwaka 2001, na Tom Hawkins, namba 41 mwaka 2006, ili kuthibitisha kwamba Geelong waliokota dhahabu. Hawakuokota. Baba za vijana hao wote wawili walikuwa wachezaji wa Geelong, na kanuni ya baba na mwana iliiruhusu klabu kuwachukua kwa zamu ya chini. Namba zao zinaeleza kanuni ya wakati ule tu. Siku hizi kanuni imekazwa: klabu nyingine ikimtaja kijana wa namna hiyo, klabu ya baba yake hulipa kwa pointi za zamu zake, na mpangilio wa wengine wote unasogea. Usiku wa drafti usishangae zamu uliyoambiwa ni ya 52 ikisomwa kwa namba nyingine kabisa.

Waliobaki kweli wapo, na hao ndio wa kujifunza kwao. James Hird alitoka Canberra, Essendon wakamchukua namba 79 mwaka 1990. Miaka sita baadaye akashinda medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa msimu, pamoja na Michael Voss. Kwa hesabu ya leo namba yake haipo hata kidogo, maana drafti sasa mara nyingi huishia karibu na 60. Hird wa leo angengoja drafti ndogo ya chipukizi inayofuata, au angerudi nyumbani. Dane Swan alikuwa namba 58 mwaka 2001, akaichezea Collingwood mechi 258 na kuchukua Brownlow ya 2011. Miaka kumi baada ya Swan, namba 58 ileile ikamwangukia Lachie Neale, kijana wa kijiji cha Kybybolite, Australia Kusini. Urefu wake ni sentimita 177. Ameshinda Brownlow mara mbili, 2020 na 2023.

Tazama Neale alivyobaki. Wapimaji wanapenda warefu, na wanapenda wanaokimbia mita 20 kwa sekunde chache. Yeye hakuwa na urefu huo. Alichokuwa nacho ni mikono safi katikati ya msongamano wa watu, na akili ya kujua mpira utatokea wapi. Hayo hayapimwi kwa saa wala kwa futi, yanaonekana kwa mtu aliyekaa akatazama. Sam Mitchell wa Hawthorn aliachwa mwaka 2000, akaenda kucheza na watu wazima Box Hill, akachukuliwa mwaka uliofuata namba 36. Alikuwa nahodha walipotwaa ubingwa wa 2008. Hakuwa na kasi siku ile alipoachwa, wala hakuwahi kuwa nayo baadaye.

Sababu nyingine ni umri, na hii naiona inapuuzwa mno. Anayestahili kuchaguliwa ni yule atakayetimiza miaka 18 ndani ya mwaka ule, kwa hiyo wa Januari na wa Desemba wanapimwa siku moja, kwenye mashine moja, na mmoja ana karibu mwaka mzima wa mifupa zaidi. Kila jina kwenye orodha yako liandikie mwezi wa kuzaliwa kabla hujaandika chochote. Na usiwafungie mlango waliopita miaka hiyo. Hapa kwetu Matt Priddis alirukwa, akaendelea kucheza Subiaco, West Coast wakamchukua kwenye drafti ya chipukizi, na mwaka 2014 akashinda Brownlow. Tom Stewart alikuwa na miaka 23 Geelong walipomchukua namba 40 mwaka 2016. Leo anahesabiwa kati ya mabeki bora wa kizazi chake. Mtu wa umri huo anayecheza ligi ya jimbo na wanaume wenzake ameshakuonyesha mwili wake utafika wapi. Hapo hukisii sana.

Tena kuna Marlion Pickett, ambaye watu wa mtaa huu hawamalizi kumzungumzia, kwa sababu alitoka South Fremantle. Alirukwa na drafti mara kadhaa. Mwaka 2019 Richmond wakamchukua kwenye drafti ya katikati ya msimu, kidole kimevunjika, wakakubali kumngoja. Mechi yake ya kwanza kabisa ya ligi kuu ikawa fainali yenyewe, mbele ya umati wa uwanja wa MCG, ana miaka 27. Hakuna aliyekuwa ameanza maisha yake ya ligi kwenye fainali tangu 1952. Alipata mpira mara 22, akafunga goli, na Richmond wakawashinda GWS kwa pointi 89. Sababu moja ya kubaki kwake siku ile ilikuwa kidole, na kidole hupona.

Sasa nataka nikuambie jambo ambalo linanigusa kwa sababu ya tulikotoka. Kwenye orodha yako umesema kuna vijana wenye asili ya Sudan Kusini. Utasikia wakielezwa kwa maneno yaleyale: miguu mirefu, anaruka sana, bado mbichi. Uyakatae maneno hayo mpaka uone mwenyewe. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, alichukuliwa na North Melbourne kwenye drafti ya chipukizi mwaka 2009, na ndiye wa kwanza kutoka Sudan kucheza ligi hii. Baada yake akaja Aliir Aliir. Huyu alizaliwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi kule Turkana, Kenya, akaletwa Australia akiwa mtoto. Mpira huu aliuanza akiwa tayari kijana, wakati wenzake walikuwa wanaupiga tangu chekechea. Akachezea East Fremantle, jirani zangu, na Sydney wakamchukua namba 44 mwaka 2013. Hakuingia uwanjani mpaka 2016. Mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, akatajwa kwenye kikosi bora cha Australia nzima.

Na sifa yake kubwa ni ipi? Ni kusoma mpira ungali hewani: anajua utaangukia wapi, anamwacha mtu wake, anaufikia kabla ya aliyepigiwa. Hiyo ni hukumu ya kichwani. Walioandika miguu tu waliandika nusu ya mtu. Aliyechelewa kuanza ana sababu ya wazi ya kubaki nyuma, na hiyo ni sababu ambayo mazoezi huiondoa kila wiki. Kwa hiyo usiniandikie amefika wapi tu. Niandikie alikuwa wapi mwezi wa nne na yuko wapi sasa. Mwendo wake ndio habari.

Ukifika uwanjani, acha watu wajazane pembeni, wewe kasimame nyuma ya magoli. Video zinafuata mpira, na kijana wako muda mwingi hana mpira. Kutoka nyuma ya goli unaona uwanja wote: wenzake wakishambulia yeye anajisogeza wapi, wakinyang'anywa anageuka haraka kiasi gani. Mtazame sekunde kumi baada ya kukosea. Kuna anayeinua mikono kumlaumu mwenzake, na kuna ambaye tayari anakimbia kurudi. Robo ya mwisho, timu yake imeshashindwa, mtazame tena. Siku ya mvua usikose kwenda hata kidogo. Mpira huu wa umbo la yai ukilowa na kudunda hauna adabu, na hapo utajua nani anauokota mara moja na nani anaufukuza.

Usipendekeze kijana kwa sababu hana kasoro. Namba 5 klabu inaogopa kukosea, ina haki. Namba 55 haiogopi, na anayefanya kila kitu wastani yuko kwenye kila ligi ya jimbo, klabu inaweza kumpata wakati wowote. Tafuta mwenye jambo moja analowazidi wote, hata kama mengine yanakera. Guu la kushoto linalopiga mita 55 na kufika kifuani. Beki asiyepitwa ana kwa ana. Ukikosa jambo hilo moja baada ya mechi tatu, fuata jina jingine.

Na uulize habari za nyumbani. Wengi wa raundi za mwisho hupewa miaka miwili, wengine mwaka mmoja tu, na wengi huachwa bila kucheza mechi za maana. Hilo ulikumbuke kila unapotaja Hird au Swan. Kijana wa Perth atasafiri kwa ndege kwa muda wa saa nne hivi kwenda Melbourne, ataishi kwa familia asiyoijua, ana miaka 18. Wewe na mimi tunajua kuondoka nyumbani kulivyo. Zungumza na kocha wake wa vijana, na mama yake ikiwezekana, kwa heshima, na usiahidi chochote. Kisha andika ukweli. Kuna mtu mzima ataamua maisha ya huyo mtoto kwa kusoma mistari yako minne.

Ndiyo maana nimeshindwa kulala na ule mstari wako mmoja kuhusu beki wa timu ya akiba ya South Fremantle: "mwembamba, hana kasi." Jumamosi nilikwenda kumtazama. Mvua ilikuwa inanyesha kwa upepo. Robo ya tatu mpira ulipigwa juu sana kuelekea kwa fowadi mrefu aliyekuwa upande wa pili, na wote wakamkimbilia mrefu. Yule mwembamba akaondoka hatua tatu kabla ya wengine, akaenda upande ambao upepo ulikuwa unausukuma mpira. Hakuruka. Ukamfika kifuani, akaudaka, akatulia, akampasia mwenzake aliyekuwa peke yake katikati. Dakika chache baadaye akafanya vilevile, na safari hii akakosea pasi, akarudi mbio na kuuzuia mwenyewe mstarini.

Amezaliwa Novemba. Kabla ya mwaka jana alikuwa anacheza mpira wa kikapu. Kocha wake anasema ameongezeka sentimita nne tangu Januari, na uzito bado haujamfuata. Kasi yake uliyoisoma ilipimwa lini, na alikuwa mzima? Niulizie hilo kwa wakubwa wako. Wiki ijayo wanacheza tena hapahapa Fremantle. Nitasimama nyuma ya goli na daftari langu, nawe tazama video ukijua wapi pa kutazama, tulinganishe Jumapili jioni kwa simu. Na mpigie mama yako kabla ya hapo, anangoja.

Mjomba wako anayekupenda