Mdada wa Mangapwani Aliyempa Mama Mkwe Chai kwa Mkono wa Kushoto

Wadau, kuna aibu halafu kuna aibu ya chai.

Mdada mmoja wa Mangapwani, miaka 26, alitembelewa na mama wa mchumba wake na mashangazi wawili. Nyumba imefukizwa udi, kanga imekaa, sinia limepangwa. Akamimina chai vizuri tu, kisha akamkabidhi mama mkwe mtarajiwa kikombe kwa mkono wa kushoto.

Ukumbi mzima kimya. Mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa zaidi.

Wageni walipoondoka tu, mama mtu akamgeukia: "We mwanangu, ndo adabu niliyokufunza hiyo?"

Ndipo siri ikatoka. Mkono wa kulia ulikuwa haubebi hata kikombe cha chai. Miezi minne alikuwa anaosha vyombo kwa kushoto, anafua kwa kushoto, na usiku anaufunga mkono kwa mtandio ili alale.

Kisa ni kazi. Mdada anaandika programu za kompyuta akiwa nyumbani, anamfanyia mteja wa nje. Kutwa nzima mkono uko kwenye kipanya: bonyeza hapa, shuka chini, rudi juu, tafuta mstari. Hospitali walimwambia kano za kiganja zimechoka, apumzishe mkono. Sasa apumzishe vipi? Asipofanya kazi halipwi, na mdogo wake yuko skuli kwa pesa hiyo hiyo. Akanyamaza. Hata mchumba hakujua.

Baada ya aibu ile ikabidi aseme. Aliposema, msaada ukatoka asikotegemea. Kijana mmoja aliyesoma naye mjini akamuuliza kwa simu: "Kwani lazima utumie kipanya?"

Akamtajia Vim, programu ya kuandikia ambayo karibu kila kitu unafanya kwa kibodi. Asili yake ni vi, aliyoiandika Bill Joy kule California mwaka 1976. Mashine aliyokuwa akitumia ilikuwa na mishale iliyochorwa kwenye herufi h, j, k na l, na mpaka leo watu wanasogea kwa herufi hizo. Vim yenyewe aliitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991.

Ila kusogea hatua kwa hatua kwenye faili la mistari 800 nako ni kazi. Ndo hapo kijana akamwambia aongeze plagini inaitwa EasyMotion.

Inafanya kazi hivi. Unabonyeza mkwaju wa nyuma mara mbili, kisha s, kisha herufi unayoitaka, tuseme p. Maandishi yote yanafifia, halafu kila penye p panawaka alama ya herufi. Unabonyeza alama ya pale unapopataka, na kile kistari kinachopepesa kinaruka mpaka pale pale. Mkono haujaondoka kwenye kibodi. Ni kama unatoka mjini, badala ya kupita Mtoni, Bububu, Chuini, kituo baada ya kituo, unataja tu Mangapwani na umeshafika.

Tamu, eh? Wiki ya kwanza alilia. Vidole vinasahau, anabonyeza ndivyo sivyo, maandishi yanafutika. Kazi ya saa moja ikawa ya saa tatu, na mteja akaanza kuuliza kulikoni. Usiku mmoja alikirudia kipanya. Dakika kumi tu mkono ukawaka moto, akakiweka kabatini na ufunguo akampa mama yake.

Mwezi wa pili mwili ukazoea. Jicho linaangalia neno, vidole vinaita, kistari kimefika. Tusidanganyane lakini, plagini si dawa, na kibodi nayo huumiza ukizidisha. Mdada alipandisha meza, akawa anapumzika kila baada ya muda, na mazoezi ya mkono aliyopewa hospitali aliyafanya. Kipanya kilichokuwa kinatonesha kidonda kila siku ndicho kilichoondoka.

Na kuna jambo moja lilimgusa. Ukifungua Vim tupu, hukutani na tangazo la kulipia. Kuna maneno machache yanayokuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alijitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994, kwenye kazi za maji na usafi. Aliporudi kwao akaiacha programu yake iwe bure, anayeipenda awachangie watoto wa kule. Alifariki Agosti 2023. Mdada wa Mangapwani alikuwa akidhani vitu hivi vyote ni vya Wazungu wa mbali huko, kumbe kimoja kina deni na majirani zake. Malipo yake ya kwanza kamili, kidogo akakitenga kwa ajili ya watoto hao.

Mama mkwe je? Alipopata habari hakusubiri kualikwa. Alikuja mwenyewe na chupa ya mafuta ya nazi, akamkanda mkono, akamgombeza: "Unaumwa unatuficha, sisi si watu wako?"

Safari hii chai ilitolewa kwa mkono wa kulia. Kikombe kilitikisika kidogo, lakini kilifika.

Haya wadau, nani mwingine anaumia kimya kimya kwa sababu ya kazi? Semeni hapo chini.