Nje ya Mada

Mimi ndiye niliyeiandika Kanuni ya Tano. Naanza kwa kukiri ili msomaji asije akadhani nasimulia kosa la mtu mwingine.

Tulikuwa vijana kumi na wachache, wenye ndoto ya kuandika na bila senti mfukoni. Kila Jumamosi saa nane mchana tulikutana katika darasa la shule moja ya msingi huko Temeke, Dar es Salaam. Mlinzi alitufungulia kwa hisani yake tu, na hisani yenyewe iliisha saa kumi na moja kamili. Ikifika hapo anaanza kutikisa funguo dirishani, na ujue mjadala umekwisha hata kama mtu yuko katikati ya ubeti. Masaa hayo matatu ndiyo yalikuwa mali yetu yote.

Utaratibu ulikuwa rahisi: watu watatu wanasoma kazi zao, wengine wanauliza. Kasheshe ilikuwa kwenye kuuliza. Mtu anasoma hadithi ya mvuvi wa Feri. Wa kwanza anauliza kwa nini mvuvi haongei na mkewe. Safi. Wa pili anauliza siku hizi changu wanauzwaje pale mnadani. Wa tatu anadakia kwamba shemeji yake ana mtumbwi, na huyo shemeji ni Yanga damu, basi hapo tena! Simba na Yanga zinaingia darasani bila kiingilio, na mwandishi wetu kakaa na karatasi zake mapajani kama mtu aliyesahauliwa kituoni.

Kulikuwa na mshikaji mmoja kondakta wa daladala, aliyekuwa akitoka Mbagala. Jumamosi tatu mfululizo alikuja na hadithi mfukoni na kurudi nayo mfukoni. Ya tatu akasema, "Jamani, mimi siku ya kuja huku nampa mtu gari. Mnajua nakosa shilingi ngapi kuja kusikiliza habari za penalti?" Hakuna aliyemjibu. Nilikuwa katibu, nikaona haya yananipanda hadi masikioni.

Wiki ile nikakaa na daftari nitunge kanuni. Pa kuigia nilikuwa napo. Nyumbani baba alikuwa hakosi matangazo ya Bunge redioni, na nilishasikia mara nyingi jinsi swali la nyongeza lisilotokana na swali la msingi linavyokataliwa: hilo ni swali jipya, lilete kwa utaratibu wake. Nilishasoma pia habari za Henry Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani, ambaye mwaka 1863 alipewa kiti aongoze mkutano wa kanisa huko New Bedford, mkutano ukamshinda mbele ya macho ya watu. Aibu ile ndiyo iliyomsukuma kusoma taratibu za mikutano, na mwaka 1876 akatoa kitabu cha kanuni ambacho vyama vingi duniani vinakitumia mpaka leo. Nikajiona na mimi Robert wa Temeke.

Nikaandika: "Swali lisilohusu kazi iliyosomwa litafungwa na mwenyekiti, na likishafungwa halifunguliwi." Nilipenda hasa ile nusu ya mwisho. Ilikuwa na mlio.

Kusema kweli kanuni ilifanya kazi. Jumamosi ya kwanza watu watatu walisoma, na bado tukabaki na dakika ishirini. Kondakta akasoma hadithi yake. Ilikuwa bomba, kuhusu abiria anayelala kila siku na kupitilizwa kituo makusudi kwa sababu hataki kufika kwake. Nisingependa mtu adhani nachukia kanuni. Bila ile, hadithi ile ingeozea mfukoni.

Jumamosi ya tano au ya sita mwenyekiti alipata udhuru, nikakalia kiti mimi. Kijana mmoja alisoma shairi kuhusu mvua. Nyuma kabisa alikuwepo dada mmoja, msusi, aliyekuwa anakuja mwezi wa pili sasa bila kufungua mdomo. Siku hiyo akanyoosha mkono.

"Kaka katibu, samahani. Mtu akitaka kuandika jambo lililompata nyumbani kwao, na wenyewe bado wapo hai, anafanyaje?"

Darasa likanyamaza. Nikatazama saa, nikatazama shairi. Shairi lilikuwa la mvua. Nikasema, "Dada, swali lako zuri, ila liko nje ya mada. Nalifunga."

Akasema, "Sawa, kaka." Akaufunika mkoba wake wa vitana. Hakurudi tena.

Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo baya. Nilikuwa nimefuata kanuni neno kwa neno. Kumbe kwa swali la bei ya samaki na swali la yule dada, Kanuni ya Tano haikuona tofauti yoyote. Lakini lile la pili lilikuwa ndilo swali kubwa kuliko yote tuliyowahi kuulizana mle ndani. Lilihusu kila kazi, ila tu halikuhusu ile iliyosomwa dakika ile.

Baadaye nikaanza kuona mengine. Mwandishi akibanwa na swali gumu, anapiga kelele, "Nje ya mada!" Mmoja aliulizwa kwa nini wanawake wote katika hadithi zake ni wambea, akaomba swali lifungwe. Na mimi nilishafanya hivyo hivyo. Unajua, wapenzi wa ushairi wanaikumbuka vita ya miaka ya sabini, Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na mashairi yasiyo na vina. Wapo waliosema hayo si mashairi, basi. Walikuwa na Sheria za Kutunga Mashairi za Kaluta Amri Abedi, kitabu cha mwaka 1954, kitabu cha maana ambacho mimi mwenyewe nimejifunzia mizani. Kitabu hakikuwa na kosa. Ila kuna watu walikigeuza komeo la mlango.

Basi tukakaa kuirekebisha. Ubishi ulichukua Jumamosi nzima, bila mtu kusoma chochote. Kondakta alitaka kanuni ibaki ilivyo. Alisema tukilegeza kidogo tu, penalti zitarudi. Mwanafunzi mmoja wa sheria akasema anayefunga lazima aseme sababu, tena kwa maneno yanayomwonyesha muulizaji angeuliza vipi au wapi. Tukakubali. Tukakubali pia kwamba mwenyekiti peke yake asifunge. Inyooshwe mikono mitatu, na mwenye kazi asiwe mmoja wao. Mikono mitatu hiyo hiyo inaweza kulifungua. Na swali lililofungwa liandikwe kwenye daftari, lisomwe saa kumi na nusu, nusu saa kabla ya funguo za mlinzi. Ile nusu ya sentensi yangu yenye mlio nikaikata kwa kalamu nyekundu mwenyewe.

Kondakta hakukosea sana. Daftari lilijaa upuuzi: nani anachapisha vitabu bure, mwandishi anaweza kuoa kwa kazi hii? Lakini la kwanza kabisa kwenye ukurasa wa kwanza nililiandika mimi, kwa mwandiko wangu, swali la yule dada. Tulilijadili nusu saa tatu mfululizo. Mmoja alisema badili majina, mwingine subiri wafe, mwingine waombe ruhusa. Mwenyewe hakuwepo kusikia.

Nilikuja kumwona mwaka uliofuata, kwenye saluni ndogo karibu na Mbagala Rangi Tatu, anamsuka mteja. Nikasimama mlangoni, nikamsalimia, nikajitambulisha.

"Nakukumbuka, kaka katibu."

Nikamwambia kanuni tumeibadilisha. Swali lake tumelifungua, lipo kwenye daftari, na Jumamosi akipata nafasi aje tulimalizie.

Hakuacha kusuka. Alichukua nyuzi nyingine, akaipima kwa jicho, akaiunga kwenye nywele.

"Lile nilishalimaliza mwenyewe," akasema. "Karibu ukae, kaka, unaniziba mwanga."